"La vie est belle": wimbo wa Papa Wemba ndani ya filamu ya mtoto wa Bukavu



Ukisimama pale Nyawera ukauliza vijana kumi nani aliimba "La vie est belle", wengi watakujibu haraka: Papa Wemba. Ongeza swali la pili: wimbo ule ulitengenezwa kwa ajili ya nini? Hapo wachache watakumbuka kwamba kulikuwa na filamu. Ongeza la tatu: nani aliongoza filamu ile? Hapo ni kimya. Kumbe jibu liko karibu na sisi kuliko tunavyofikiri. Mmoja wa waongozaji wake wawili, Ngangura Mweze, alizaliwa hapa hapa Bukavu mwaka 1950.

Leo tuongee juu ya wimbo huo. Tutaangalia mambo matatu: ulizaliwa katika hali gani, wimbo wa filamu unafanyaje kazi, na nani anakuwa mwenye wimbo ukishaingia ndani ya picha. Hilo la tatu linatuhusu sana. Mji wetu umejaa waimbaji na watu wa kamera, kutoka Kadutu mpaka Bagira, kutoka Nguba mpaka Panzi, na mara nyingi mtu anampa mwenzake wimbo kwa maneno ya mdomo tu.

1. Watu wawili wanakutana

Tuanze na Ngangura Mweze. Baada ya kuzaliwa na kukulia huku mashariki, alienda Ubelgiji kusomea sinema katika chuo cha IAD. Aliporudi Zaire alianza na filamu fupi za ukweli: moja juu ya mchoraji Chéri Samba, mwaka 1980, na nyingine, "Kin Kiesse", juu ya mji wa Kinshasa na furaha yake, mwaka 1982. Kwa hiyo alipofika kwenye filamu ndefu ya hadithi alikuwa tayari anajua Kinshasa inavyosema, inavyocheka na inavyotafuta chakula cha siku. Filamu hiyo ni "La vie est belle", ya mwaka 1987, aliyoiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1999, filamu yake nyingine, "Pièces d'identités", ilichukua zawadi kubwa ya FESPACO kule Ouagadougou, ile ya Farasi wa Yennenga. Tunazungumza juu ya mtu mkubwa wa sinema ya Afrika, si mtu wa pembeni.

Upande wa pili ni Papa Wemba. Jina lake la kuzaliwa ni Shungu Wembadio Pene Kikumba, Jules kwa jina la ubatizo. Alizaliwa Lubefu, Sankuru, mwaka 1949. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, wale wanaoitwa kwenda kulia na kuimba kwenye kilio cha watu. Sauti ile ya juu, yenye huzuni hata wakati wa furaha, Wemba mwenyewe alisema aliipata kwa mama yake. Lakini kijana huyo huyo aliposikia muziki wa Marekani redioni, alijipa jina la "Jules Presley", kwa sababu ya Elvis. Angalia basi: kwa upande mmoja kilio cha Watetela, kwa upande mwingine rock and roll. Mwaka 1969 akaingia Zaïko Langa Langa tangu mwanzo wake. Baada ya vikundi viwili vya katikati, Isifi Lokole na Yoka Lokole, akaanzisha chake mwenyewe, Viva la Musica, mwaka 1977.

Kwa nini alikuja kuitwa mfalme wa "rumba rock"? Si kwamba alikuwa anapiga rock kama Wazungu. Ni kwamba kizazi cha Zaïko kilibadilisha orkestra. Wazee, kama Franco na Tabu Ley, walikuwa na tarumbeta na saksofoni mbele. Vijana wa Zaïko waliziondoa. Wakaacha gita za umeme ziongee, ngoma za miguu na mikono zipigwe kwa nguvu, na sebene, ile sehemu ya kucheza, ianze mapema na ikae muda mrefu. Ukiondoa tarumbeta ukabaki na gita, besi na ngoma, unabaki na umbo la bendi ya rock, ingawa damu ni ya rumba. Ongeza mavazi, ile sape, na kijana aliyejitangaza chifu wa kijiji cha "Molokai" katikati ya Matonge. Hapo jina la "rock" linaeleweka: lilikuwa tabia kwanza, kisha mlio.

2. Hadithi inayohitaji wimbo

Sasa filamu yenyewe. Wemba anacheza nafasi ya Kourou, mwanamuziki maskini wa kijijini. Anaenda Kinshasa akitaka kuimba na vyombo vya umeme, asikike redioni, aonekane televisheni. Kufika mjini, hana mtu. Anajikaza: leo kazi hii, kesho ile, mpaka anakuwa mtumishi nyumbani kwa tajiri Nvouandou, mwenye klabu ya muziki. Kourou anampenda msichana anayeitwa Kabibi. Bahati mbaya tajiri naye anamtaka. Nvouandou ana shida ya nguvu za kiume, na mganga amemwambia aoe bikira, ila asimguse kwa siku thelathini. Hapo vichekesho vinaanza, na vinaendelea mpaka mwisho, pale Kourou anapopata jukwaa lake na kuimba.

Unaona kazi ya wimbo hapa? Tangu dakika za kwanza mtazamaji ameahidiwa kitu: siku moja huyu mtu ataimba. Anavumilia njaa yake, aibu yake, maneno ya bosi wake, akingoja ahadi hiyo itimie. Wimbo ukifika, unabeba yote yaliyotangulia. Hata kama hujui neno moja la Lingala, unajua kwa nini anaimba.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya wimbo wa filamu. Wimbo wa kawaida unajitegemea: unakuja na maneno yake na mlio wake, ukikupendeza sawa, usipokupendeza unapita. Wimbo wa filamu unaazima nguvu kutoka kwa hadithi. Filamu inakufundisha kwanza jinsi ya kuusikiliza.

Jimmy Cliff wa Jamaika alifanya jambo linalofanana na hili mwaka 1972 katika "The Harder They Come" ya Perry Henzell. Naye anacheza kijana wa kijijini anayeingia mjini, Kingston, akitaka kurekodi. Naye aliuimba wimbo wenye jina la filamu. Tofauti ni kwamba Ivan wa Jamaika anaishia kwenye bunduki, Kourou wa Zaire anaishia kwenye kicheko. Ila kuna sehemu moja ya filamu ile ya Jamaika ninayotaka muikumbuke, tutairudia: Ivan anarekodi wimbo mzuri, na mwenye studio anampa dola 20 tu, kwisha. Kama hataki, wimbo hautapigwa popote.

3. Kutoka jukwaani mpaka kwenye picha: wimbo unakatwaje?

Kuna swali la ufundi hapa ambalo watu hawalifikirii. Wimbo wa orkestra ya Zaire ulikuwa mrefu. Maneno yanaanza polepole, kisha sebene, na sebene inaweza kula dakika nyingi. Enzi za sahani ndogo za santuri, wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa A, sehemu ya pili upande wa B. Unageuza sahani ndipo uanze kucheza.

Filamu haina subira hiyo. Mwongozaji ana sekunde zake. Anaweza kutaka mstari mmoja tu mtu anapovuka barabara, kisha muziki unyamaze watu waongee. Kwa hiyo wimbo wa filamu mara nyingi una maisha mawili: moja ndani ya picha, umekatwa kwa kipimo cha tukio, na lingine nje, kwenye sahani au kaseti au simu yako, ukiwa mzima. Ule wa nje ndio tunaouita singo, wimbo mmoja unaotoka na kwenda sokoni wenyewe. Singo inaitangaza filamu redioni kabla watu hawajaiona. Filamu nayo inaitangaza singo kwa watu ambao hawajawahi kununua muziki wa mwimbaji huyo.

Wanarock wa Ulaya na Marekani wanaijua biashara hii vizuri. Mwaka 1982 Sylvester Stallone alitaka wimbo wa Queen kwa ajili ya "Rocky III", akakosa ruhusa. Akaomba kikundi cha Survivor wamwandikie mpya. Wakatoa "Eye of the Tiger", ukakaa namba moja Marekani wiki sita. Mwaka 1985 Simple Minds wa Scotland walikataa mwanzoni kuimba wimbo wa "The Breakfast Club", kwa kuwa haukuandikwa na wao. Mwishowe walikubali, na ndio uliowapeleka namba moja Marekani. Mwaka 1991 wimbo wa Bryan Adams kwa filamu ya Robin Hood ulikaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo. Leo kuna watu wengi wanaoimba wimbo ule harusini na hawajawahi kuona hiyo filamu.

Kwa Papa Wemba haikuwa suala la chati. Kwa Zaire tayari alikuwa nyota, hakuhitaji filamu ajulikane Matonge. Lakini filamu ilizunguka Ulaya na kwingineko, kwa watazamaji ambao hawangeingia kwenye dansi ya Wazaire. Walimwona akicheka, akiteseka, akipenda, kisha wakamsikia. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa anajenga kazi yake kule Paris. Mwaka 1992 akatoa "Le Voyageur" kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel. Siwezi kusema filamu ndiyo iliyofungua mlango ule peke yake. Ila sura aliyokuwa nayo mbele ya wageni, sura ya mtu mpole anayetabasamu mwenye sauti ya kulia, sehemu yake kubwa ilichorwa na Kourou.

4. Maisha ni mazuri? Kweli?

Wengine wanasema: huo wimbo ni wa kudanganya watu. Mwaka 1987, chini ya Mobutu, mishahara haitoshi, hospitali hazina dawa, halafu mtu anaimba kwamba maisha ni mazuri! Si propaganda hiyo?

Hoja hii ina uzito, na mtu aliyekulia Bukavu anaielewa haraka. Lakini angalia filamu vizuri. Haifichi umaskini. Kila mtu ndani yake anahangaika: anauza, anadanganya kidogo, anakopa, anaomba mganga, anakimbia polisi. Ni ile sheria yetu ya mzaha, Article 15: jitafutie mwenyewe, hakuna atakayekusaidia. Jina la filamu linasemwa na mtu ambaye hana kitu mfukoni, na hapo maana inageuka. Tajiri mwenye nyumba na gari ndiye mgonjwa, ndiye anayeogopa, ndiye anayechekwa. Maskini ana sauti tu, na sauti hiyo hakuna anayeweza kuikamata.

Hapa kwetu ukimuuliza mtu "habari?" anakujibu "tuko tunajikaza". Hajasema maisha ni mazuri, lakini pia hajasema yameisha. Naona wimbo wa Wemba uko pale pale, kati ya hayo mawili. Anayesikia furaha peke yake amesikia nusu. Ile sauti ya mtoto wa mwimbaji wa matanga inapita chini ya maneno ya furaha.

5. Nani mwenye wimbo?

Sasa turudi kwa Ivan na dola zake 20. Wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili ndani yake, na watu wengi wanazichanganya.

Haki ya kwanza ni ya utunzi: maneno na mlio. Hiyo inazaliwa na mtunzi. Hata wimbo usiporekodiwa, ukishautunga ni wako.

Haki ya pili ni ya ule mrekodi wenyewe, sauti iliyoshikwa studio. Hiyo kwa kawaida ni ya aliyelipia na kusimamia kurekodi, yaani prodyuza, na waimbaji na wapigaji nao wana sehemu yao.

Mtu wa filamu akitaka kuweka wimbo kwenye picha zake anahitaji ruhusa zote mbili. Ruhusa ya mwimbaji peke yake inaweza isitoshe kama mtunzi ni mwingine. Ruhusa ya studio peke yake nayo inaweza isitoshe. Na kuruhusu wimbo utumike kwenye filamu moja si sawa na kuuza wimbo. Ni kama kukodisha nyumba: mpangaji anaingia, lakini hati ya nyumba inabaki na mwenye nyumba.

Nchi yetu ina sheria juu ya hayo. Ni Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watunzi na haki zinazofanana nazo. Angalia tarehe: ilitoka mwaka mmoja kabla ya "La vie est belle". Inatenganisha haki ya kiroho, kwa mfano jina lako litajwe na kazi yako isiharibiwe, na haki ya mali, yaani franga. Ile ya kiroho inabaki kwa mtunzi. Ya mali inaweza kupewa mwingine. Kukusanya malipo ya watunzi ilikuwa kazi ya SONECA, na tangu 2011 kuna SOCODA.

Mtu akiwa hana karatasi yanatokea ya Solomon Linda. Huyu alikuwa Mzulu wa Afrika Kusini, akarekodi "Mbube" kwa kampuni ya Gallo mwaka 1939, na haki zake zikaenda kwa shilingi chache. Alikufa maskini mwaka 1962. Wimbo wake ulizunguka dunia kwa majina mengine, ukaingia hata kwenye "The Lion King" ya Disney, mwaka 1994. Watoto wake wa kike walilazimika kusubiri mpaka kesi ya 2004, na makubaliano ya 2006, ndipo wakaanza kupata kitu cha maana. Miaka 67 tangu siku ile ya studio.

6. Sasa sisi?

Hapa Bukavu mazungumzo yanakuwaga hivi. Mwenye kamera anamwambia mwimbaji: "Grand, nipatie ile wimbo niweke kwenye filme yangu, mambo ya franga tutaongea nyuma." Mwimbaji anakubali, maana anataka kusikika. Filamu ikibaki YouTube na watazamaji mia mbili, hakuna shida. Shida inaanza siku filamu inachukuliwa na shirika la kigeni, au inaenda festivali, au televisheni inainunua. Hapo "nyuma" imefika, na hakuna karatasi. Mwimbaji anasema aliibiwa. Mwenye filamu anasema alipewa. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli wao, na urafiki umekufa.

Kontra ya kuepuka hayo haihitaji kurasa ishirini. Ukurasa mmoja unatosha ukijibu maswali haya:

- Nani alitunga maneno na mlio? Andika majina yote, hata ya mpiga gita aliyeleta ule mstari wa mwanzo kama mmekubaliana ni mtunzi pia.
- Nani ni mwenye mrekodi?
- Wimbo utatumika kwenye filamu gani, na filamu hiyo tu?
- Wapi na kwa muda gani: ukumbini, televisheni, intaneti, nchi zote au hapa tu?
- Malipo ni kiasi gani sasa, na nini kitatokea filamu ikiuzwa?
- Mwimbaji anaweza kutoa wimbo huo kama singo yake? Lini?
- Jina lake litaandikwa wapi, na kwa tahajia gani?

Kisha sahihi mbili, tarehe, na kila mmoja abaki na nakala. Kama leo hakuna malipo, andikeni hivyo hivyo kwamba leo ni bure, na kwamba siku filamu ikiingiza kitu mtagawana namna hii. Bure iliyoandikwa inalinda wote wawili.

Na hapa nawageukia ninyi mliosoma sheria, pale UOB, pale UCB na kwingineko. Wengi mna diplome na mnangoja kazi. Kaka zenu na dada zenu wa studio za kartiye hawawezi kumlipa avoka. Lakini wewe unaweza kukaa nao jioni moja na kuwaandalia ukurasa huo kwa Kiswahili wanachokielewa, na kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi. Ninyi mliosoma mawasiliano, mnaweza kumtafuta Ngangura Mweze kwenye maktaba na kumtambulisha kwa vijana wanaoshika kamera leo mjini alipozaliwa, maana wengi hawajui kwamba njia hiyo iliwahi kupitwa na mtu wa kwao.

Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, kwenye festivali ya FEMUA, akafariki. Mwaka 2021 UNESCO iliweka rumba ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville, kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wimbo wa Kourou ungali unapigwa harusini, kwenye teksi, kwenye vilio. Na tunajua uliimbwa na nani na ulitoka filamu gani, kwa sababu majina yao yaliandikwa.

Sasa mwimbaji wa kartiye yako, yule unayemsifu kila Jumapili: wimbo wake ulio ndani ya filamu ya rafiki yake, jina lake limeandikwa wapi? Muulize wiki hii.